Kubadilisha shetri iliyooza ya boti ya faiba ya zamani: mwongozo kamili

Tangu kaskazi ianze kuvuma nimeletewa boti tano zenye ugonjwa mmoja. Zote ni za faiba, za miaka ya 1970 na 1980, futi 15 hadi 19, zenye tumbo la V kali. Zote shetri zake, yaani ukuta wa nyuma unaobeba mashine ya kupachika, zilikwisha kubadilishwa, nyingine hata mwaka haujapita, na tayari ukitia gia shetri inacheza kama jino bovu. Wenyewe hawakuwa wabahili. Wawili walinunua epoksi nzuri, ile gundi ya makopo mawili yanayochanganywa, mmoja aliagiza kutoka ng'ambo bodi ya kisasa isiyooza. Vifaa vingi vilikuwa sawa. Kazi ndiyo iliyokosewa, na karibu wote walikosea mahali palepale.

Umbo la boti hizi halina lawama. V kali aliyoichora Ray Hunt, ambayo boti iitwayo Moppie iliitumia kushinda mbio za Miami hadi Nassau mwaka 1960, bado inapasua mawimbi ya nje ya mwamba kuliko boti nyingi zinazouzwa leo. Usiliguse. Kinachooza ni mbao iliyofichwa katikati: shetri ina ngozi ya faiba nje, ngozi ya faiba ndani, na kiini cha mbao baina yake.

Maelezo haya ni kwa boti ya futi 17 yenye mashine ya hospawa 60 hadi 90. Watu wawili, siku kumi za kazi, lakini weka wiki nne kwenye kalenda kwa sababu ya kukausha. Ianze baada ya mvua za vuli, uimalize kabla ya masika.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujakata

- Plaiwudi ya baharini yenye muhuri wa BS 1088, mm 18, karatasi mbili. Tahadhari: dukani ukiomba "marini" utapewa ile ya kahawia inayong'aa, ya kumwagia zege. Ule mng'ao ni utando ambao gundi haishiki. Hiyo waachie wajenzi.
- Au, badala yake, bodi ya povu gumu la poliyurethani lenye nyuzi za kioo ndani yake.
- Epoksi kilo 15, pamoja na hadina (kigumishi chake) ya polepole, ile ya nchi za joto.
- Kitambaa cha kioo kilichoshonwa, nyuzi zake zikilala mshazari, digrii 45 kulia na kushoto, gramu 600 kwa mita ya mraba, mita 8.
- Unga wa silika na nyuzi za kioo zilizosagwa, za kutengenezea gundi nzito.
- Kitambaa cha nailoni cha kubandulia, kinachowekwa juu ya tabaka la mwisho na kubanduliwa epoksi ikikauka.
- Bolti za mm 12 za chuma kisichoshika kutu, daraja la 316, na washa pana.
- Silanti ya poliyurethani ya baharini. Silikoni ya bafuni haina kazi hapa.
- Mizani ya kidijitali ya jikoni.
- Greinda yenye diski za kukata na msasa namba 40, drili, patasi, brashi za bei rahisi, rola ya chuma yenye mifereji.
- Mbao tatu nene zilizonyooka, futi saba kila moja.
- Barakoa yenye vichujio vya gesi na vumbi, miwani, glavu za nitrili boksi zima, nguo za mikono mirefu.

Neno moja kuhusu ile bodi ya povu: usiinunue kwa ajili ya uzito. Ile nzito inayofaa shetri ina karibu kilo 416 kwa mita ya ujazo, na plaiwudi ya okume iko karibu 500. Kwa shetri nzima unaokoa kilo nne hivi, uzito wa ndoo ya chambo. Unachonunua ni kutooza. Kama fedha ipo, nunua. Kama haipo, plaiwudi iliyofungwa vizuri kwa epoksi itakupa miaka mingi.

### Kwa nini epoksi, na kwa nini si mati

Poliesta ndiyo iliyotengeneza boti yako kiwandani, na mafundi wengi wanaijua. Tatizo ni kwamba haishiki vizuri juu ya mbao wala juu ya faiba iliyokwisha kukauka miaka arobaini. Inabandika leo na kubanduka kesho kama plasta kwenye jasho. Epoksi inashika zote mbili.

Sasa kosa la kwanza kubwa. Mati, ile ya nyuzi fupi zilizotawanywa ovyo, imeshikwa pamoja na gundi inayoyeyuka ndani ya poliesta. Ndani ya epoksi haiyeyuki. Ukiitia epoksi inabaki kavu katikati na ngumu kama jamvi, hata umwage kiasi gani. Boti mbili kati ya tano nilizozifungua zilikuwa hivyo: nilivuta tabaka zima kwa koleo, likatoka jeupe, halijalowa. Kwa epoksi tumia kitambaa kilichoshonwa, basi.

## Hatua ya 1: Hakikisha ugonjwa ni huo

Chukua nyundo ndogo, ugonge shetri kutoka juu hadi chini kila inchi mbili. Mbao nzima hulia kavu na kwa ufupi. Iliyooza hutoa sauti ya ngoma iliyolowa.

Kisha inua mashine nusu, ushike mguu wake kwa chini na kuutikisa, mwenzako akiangalia kona za juu za shetri. Ikisogea hata kwa unene wa ukucha, kiini kimekwisha.

Ushahidi wa mwisho ni drili. Toboa matundu ya mm 5 kutoka ndani, kina cha sm 3, usifike ngozi ya nje. Anzia chini kabisa. Mmoja wa wale watano alinibishia: "Fundi, mbao yangu kavu, nimeitoboa mwenyewe." Nikamuuliza, "Umetoboa wapi, kaka?" Akanionyesha juu, karibu na bolti za mashine. Tulipotoboa sm 10 kutoka mkukuni, yaani uti wa chini wa boti, chenga zilitoka nyeusi, zimelowa, zinanuka kama majani ya chai yaliyosahauliwa birikani. Maji huingilia juu kwenye bolti na kulala chini.

Kabla ya kuendelea, pitisha ubao ulionyooka wa mita 2 chini ya tumbo, sehemu ya nyuma. Ukiona bonde au kigongo cha wazi, ganda limepinda na shetri mpya haitalinyoosha. Tafuta ganda jingine. Hayo hayajaadimika.

## Hatua ya 2: Jaribu uzito kwa jerikani

Watu hawaifanyi hatua hii kwa sababu haina gundi wala kelele. Boti hizi zilichorwa wakati wa mashine nyepesi za tustroki (mipigo miwili). Za fostroki (mipigo minne) ni nzito zaidi: Yamaha F70 ina kilo 119 hivi, na F115 ina karibu 170. Shetri mpya inaweza kuubeba uzito huo, lakini swali ni kama boti yenyewe itaelea sawa.

Toa mashine ya zamani, shusha boti kwenye maji yaliyotulia. Jaza jerikani za lita 20, kila moja kilo 20, idadi inayolingana na mashine unayoitaka. Zipange zikigusa shetri kwa ndani, kisha ongeza moja zaidi, kwa kuwa mashine halisi itaning'inia nje. Jaza tangi la mafuta. Mwambie mtu mzima asimame nyuma.

Angalia matundu ya kutolea maji sakafuni. Maji yakirudi ndani kupitia hayo boti ikiwa imesimama tu, mashine hiyo ni nzito mno. Hamishia betri na tangi mbele, ujaribu tena. Bado? Chukua mashine ndogo. Boti yenye V kali iliyokaa matako chini ni hatari ukipunguza mwendo ghafla na wimbi likaja kwa nyuma.

### Vipi mashine ya umeme?

Naulizwa kila wiki. Boti ya futi 17 inayopaa juu ya maji hula kama kilowati 30. Kwa saa moja ni kilowati-saa 30, na betri za lithiamu za kiasi hicho, pamoja na kasha lake, zinakaribia kilo 200. Kazi hiyohiyo petroli inaifanya kwa lita 12 hivi, kilo 9. Kwa kuvusha watu polepole ndani ya hori, umeme unafaa sana. Kwa kufuata jodari nje ya mwamba na ganda hili, bado.

## Hatua ya 3: Lifunge ganda lisipanuke

Pandisha boti juu ya magogo au trela na uisawazishe kwa pimamaji, pande zote. Shetri ndiyo inayoshika mbavu mbili za nyuma zisiachane. Ukiiondoa bila kufunga, zinafunguka, na hutajua mpaka boti ianze kuvuta upande mmoja.

Kwa hiyo pigilia ubao mnene kutoka ubavu hadi ubavu, sm 40 mbele ya shetri, na mwingine mita moja mbele zaidi. Pima mishazari miwili kutoka kona za shetri hadi omo (pua ya boti), uandike namba hizo ukutani kwa chaki. Chonga pia kiolezo cha pembe ya shetri dhidi ya tumbo, kwa sababu mashine nyingi hutegemea mlalo wa nyuzi 12 hadi 14.

Umefaulu mishazari ikilingana kwa mm 5, na ikabaki hivyo baada ya kukata.

## Hatua ya 4: Kata kutoka ndani

Wengine hukata ngozi ya nje kwa kuwa ni rahisi kuifikia. Mimi nakataa. Ngozi ya nje ndiyo kalibu yako: imebeba umbo, mlalo na pembe zote. Ibakize nzima.

Toa kila kilichofungwa kwenye shetri. Fungua kipande cha sitaha kinachofunika juu yake. Kisha kata ngozi ya ndani kwa greinda kuzunguka, ukiacha ukingo wa sm 8 kwenye mbavu na tumbo. Diski isiingie zaidi ya unene wa ngozi, mara nyingi mm 4 hadi 6. Bandua.

Mbao iliyooza itatoka kwa mikono. Iliyo nzima itakusumbua, hasa kwenye kona: itoe kwa patasi na uvumilivu, usitumie nyundo kubwa wala mtaimbo, utapasua ngozi ya nje. Na ukifika chini, usiache hata kipande "kwa sababu kinaonekana kizuri". Mabaki ya mbao mbichi pale mkukuni yalichangia kuua shetri tatu kati ya zile tano.

Angalia pia ncha za mihimili ya urefu inapogusa shetri. Zikiwa nyeusi, zikate mpaka ufikie mbao ngumu, na kipande kipya kiungwe hapo.

Vumbi la faiba halisamehi. Vaa barakoa, mwaga maji sakafuni, funga milango ya nyumba jirani. Watoto wasikaribie.

## Hatua ya 5: Osha kwanza, ndipo ukaushe

Hapa ndipo mahali palepale nilipopataja mwanzoni.

Faiba iliyokaa na mbao iliyolowa maji ya bahari ina chumvi. Chumvi huvuta unyevu hewani. Unaweza kuanika boti juani wiki mbili, ukaigusa mchana ikawa kavu kama mkate wa jana, na usiku ikanywa tena. Ukibandika juu yake, umefungia maji ndani ya shetri mpya.

Safisha kwa maji baridi (yasiyo ya chumvi), sugua kwa brashi ngumu, mwaga, rudia. Siku tatu mfululizo. Nalamba kidole kwenye maji yanayotiririka, na nikionja chumvi naosha tena. Wanafunzi wangu hucheka.

Baada ya hapo acha jua na upepo vifanye kazi. Kivuli cha makuti juu kwa ajili ya mvua, pande zote wazi, feni usiku kama umeme upo. Wiki moja hadi tatu, kwa kadiri ya unyevu ulioingia.

Jaribio la kujua: kata nailoni safi sm 30 kwa 30, ibandike kwa utepe pande zote nne juu ya faiba, sehemu ya chini kabisa, jioni. Asubuhi kabla jua halijapanda, angalia kwa ndani. Ukiona ukungu au matone, subiri siku nne, rudia. Ikibaki kavu asubuhi mbili mfululizo, endelea. Hakuna njia ya mkato hapa, hata mteja akikupigia simu mara nane kwa siku.

## Hatua ya 6: Saga

Msasa namba 40, mpaka uso wote uwe mweupe usio na mng'ao. Pale ulipokata ngozi, chonga mteremko mara kumi na mbili ya unene: ngozi ya mm 5 inahitaji mteremko wa mm 60. Kiungo kifupi hubeba mzigo wote kwenye mstari mmoja na kupasukia hapo.

Futa vumbi, pitisha asetoni kwa kitambaa safi, na baada ya hapo usiguse kwa mkono mtupu.

## Hatua ya 7: Kiolezo na kiini

Tengeneza kiolezo kwa maboksi ya katoni yaliyobandikwa kwa utepe, kisha hamishia kwenye plaiwudi. Acha nafasi ya mm 4 pande zote. Nafasi hiyo itajazwa gundi. Kiini kinachogusa ganda kikiwa kikavu husukuma doa gumu, na nje utaona ufa.

Kata vipande viwili vya mm 18. Zungusha kingo kwa msasa zisiwe kali. Toboa matundu ya mm 3 kila sm 15 kwenye uso mzima: haya ni ya kutolea hewa, nitayarejea.

Sasa funga mbao. Epoksi isiyo na unga, mara tatu kwenye kingo, mara mbili kwenye nyuso. Fanya hivi saa kumi na moja jioni, joto likishuka. Asubuhi hewa iliyo ndani ya mbao hupanuka jua likipanda, na kila kitundu kinatema povu kwenye epoksi yako. Jioni hewa hujikunja na kuivuta epoksi ndani. Epoksi ileile, mbao ileile, saa tofauti.

Kingo za plaiwudi zitakunywa kama mchanga. Endelea kupaka mpaka zing'ae.

## Hatua ya 8: Kubandika

Kwanza, vipimo. Kopo litakwambia uwiano, 2 kwa 1 au 5 kwa 1, na kama ni kwa uzito au kwa ujazo. Fuata hivyo kwa mizani au chombo cha kupimia, si kwa jicho. Kuongeza hadina "ishike haraka" ni desturi ya poliesta. Kwenye epoksi hadina ya ziada haichomi kasi. Inabaki ndani ikiwa laini milele.

Pili, chombo. Mwaka wangu wa pili kazini nilichanganya kilo mbili kwa mkupuo ndani ya ndoo nyembamba, nikaenda kujibu salamu. Niliporudi ndoo ilikuwa inafuka moshi, chini imeyeyuka, na epoksi imegeuka jiwe la njano lililokuwa limeshika sakafu. Epoksi ikikaa kwa wingi mahali pamoja hujipasha yenyewe. Changanya gramu 500 kwa wakati mmoja, koroga dakika mbili nzima ukikwangua pembeni, kisha imwage mara moja kwenye trei pana.

Paka epoksi tupu kwenye ngozi ya nje na kwenye uso wa kiini. Kisha chukua nyingine, tia silika mpaka iwe nzito kama samli iliyoganda, ipake kwenye ngozi ya nje kwa mwiko wenye meno, mistari isimame. Pasibaki doa tupu.

Weka kipande cha kwanza. Nje ya shetri simamisha zile mbao tatu nene zilizofungwa nailoni, na ndani weka vipande vingine, uzikaze kwa bolti zilizopakwa nta kupitia matundu ya zamani ya mashine. Kaza polepole, ukizunguka. Mbao za nje ni za kuzuia ngozi isivutwe ikapinda. Ukikaza bila hizo, utapata shetri yenye matumbo.

Tazama yale matundu ya mm 3. Gundi ianze kutoka kwenye kila moja kama funza. Tundu lisilotoa lina hewa nyuma yake: kaza hapo, gonga kwa nyundo ya mpira. Siku ya kwanza nilipomfundisha kijana wangu kazi hii, tundu moja la chini kushoto lilikataa. Akasema, "Moja tu, mzee, si neno." Tulifungua, tukakuta mwiko ulikuwa umeruka mahali pa upana wa sahani.

Ikatae tamaa ya kumaliza leo. Kipande cha pili ni kesho. Kabla yake osha kipande cha kwanza kwa maji na sponji ngumu, kwa kuwa epoksi ikikauka kwenye unyevu wa pwani hutoa utando unaoteleza kama mafuta, nao huzuia tabaka linalofuata lisishike. Maji kwanza, msasa baadaye. Ukianza na msasa unausagia ndani.

Umefaulu ukigonga siku ya tatu na sauti ikawa moja, kali na fupi, kutoka kona hadi kona.

## Hatua ya 9: Kona na matabaka

Kitambaa hakipendi kona ya mraba. Kinainuka na kuacha hewa. Jaza kona zote, kiini kinapokutana na tumbo na mbavu, kwa gundi nzito yenye nyuzi zilizosagwa, uipitishe kijiko kikubwa cha mbao ili ibaki na mviringo wa sm 2 hadi 3.

Gundi ikiwa bado inanata, anza matabaka. La kwanza lifunike kiini chote na kupanda sm 10 juu ya mbavu na tumbo. La pili sm 15, la tatu sm 20, la nne sm 25. Kuachana huko kunaueneza mzigo. Yakiisha yote mahali pamoja, ufa utaanzia hapo.

Lowesha kitambaa mpaka kiwe kama kioo, pitisha rola ya chuma kutoa hewa, kisha futa epoksi ya ziada. Kitambaa kinachoogelea ni kizito na dhaifu. Sehemu nyeupe zinamaanisha hakijanywa. Malizia kwa nailoni ya kubandulia.

Mikono ikichafuka, osha kwa sabuni na maji ya vuguvugu. Asetoni kwenye ngozi huisaidia epoksi kupenya, na mzio wa epoksi ukikupata hauondoki. Namjua fundi mzuri aliyelazimika kuacha kazi kwa hilo.

## Hatua ya 10: Magoti

Shetri peke yake ni mlango usio na bawaba. Mzigo wa mashine lazima upite kwenda kwenye mihimili ya urefu. Weka magoti mawili ya pembetatu, yakisimama juu ya mihimili na kuegemea shetri, yafungwe kwa matabaka matatu kila upande. Povu jepesi linatosha kama kiini chake, kwani hapa nguvu iko kwenye kioo.

## Hatua ya 11: Matundu

Soma hatua hii mara mbili. Shetri ya zamani iliuliwa na matundu, na mpya itauliwa hivyohivyo kama utatoboa na kutia bolti moja kwa moja.

Kwa kila bolti ya mm 12, toboa tundu la mm 20. Paka ndani epoksi tupu, subiri inywe, paka tena. Ziba kwa utepe upande mmoja, ujaze gundi nzito yenye nyuzi zilizosagwa. Ikikauka siku mbili, toboa tena katikati kwa mm 12. Sasa bolti inapita ndani ya bomba la epoksi, na silanti ikizeeka, maji yatakutana na epoksi kabla ya mbao.

Fanya hivyo hata kwa skurubu ndogo za sensa ya sauti ya kina na bomba la kutolea maji. Skurubu mbili za mm 4 chini ya mstari wa maji zinatosha kuozesha kiini cha bei ya mwezi mzima wa mshahara.

## Hatua ya 12: Rangi

Usipake jelikoti ya poliesta, ule mpako mzito wa nje wa kiwandani, moja kwa moja juu ya epoksi. Mara nyingi hubaki inanata. Tumia praima ya epoksi na rangi ya poliyurethani ya makopo mawili. Usiache epoksi wazi juani, itakauka unga.

Nyeupe au kijivu hafifu tu. Rangi ya samawati nzito inapendeza, lakini kwenye jua la pwani uso wake hupata moto kupita kiasi, na epoksi iliyokaukia kivulini huanza kulegea kwenye joto la nyuzi 50 na kuendelea.

## Hatua ya 13: Mashine na jaribio la baharini

Pima urefu wa shetri katikati: mguu mrefu wa kawaida unataka karibu mm 508. Bapa lililo juu ya propela liwe sawa na mstari wa mkuku, au sm 2 juu yake. Anza kwa usawa, kisha panda tundu moja moja.

Paka silanti chini ya washa na kuzunguka bolti, kaza mpaka ifurike, acha siku, kaza tena robo duru.

Funga kamba ya kuzimia mashine kwenye mguu wako. Nenda siku ya maji matulivu, watu wawili na jaketi za kuokolea maisha.

Fungua mafuta yote, boti ikiwa na mzigo wa kawaida, na usome mizunguko ya mashine kwa dakika. Mashine nyingi za fostroki zinataka kati ya 5000 na 6000; kitabu chako kitakwambia hasa. Ikiwa chini, chukua propela yenye hatua (mwendo wake kwa mzunguko mmoja) fupi zaidi: kila inchi moja inaongeza mizunguko 150 hadi 200. Ikiwa boti inainuka na kuinama kama pomboo, inamisha mashine ndani kidogo au sogeza uzito mbele. Ikiteleza kwenye kona na mashine kupiga kelele, imepandishwa mno.

Kama boti inabeba abiria, ita wakaguzi kabla ya safari ya kwanza ya malipo: mamlaka za usafiri wa baharini, yaani KMA kwa Kenya, TASAC kwa Tanzania Bara, ZMA kwa Zanzibar. Wapigie picha za kila hatua. Ndani ya shetri hawawezi kuona.

Baada ya saa kumi za bahari irudishe juu. Kaza bolti. Angalia kona kwa tochi ya pembeni kama kuna nyufa za nywele. Kisha chukua nyundo ileile ndogo, ugonge kutoka juu hadi chini kila inchi mbili, ukianzia pale chini, sm 10 kutoka mkukuni.